CHUMA HAKIUNGUI, LAKINI HUANGUKA

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Mbinga na Nyasa, juu ya kinga ya majengo ya chuma dhidi ya moto.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya rangi. Sitashangaa kama wapo kati yenu waliojiuliza kimoyomoyo kwa nini watu wazima waache shule na ofisi zao waje kusikiliza habari za rangi. Kwa mazoea yetu rangi ni pambo. Jengo hupakwa rangi likifunguliwa, hupakwa tena mgeni mkubwa akitarajiwa, na baada ya hapo husahauliwa. Lakini rangi ninayotaka kuizungumza leo haikutengenezwa kwa ajili ya macho. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuchelewesha kuanguka kwa jengo linaloungua, ili waliomo ndani wapate kutoka wakiwa hai. Mimi naona jambo hilo linatosha kabisa kutukutanisha.

Tuanze na hali yetu wenyewe. Wazee wetu katika milima ya Umatengo na kando ya Ziwa Nyasa walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Baadaye tukajenga kwa tofali za kuchoma, tukaezeka bati juu ya kenchi za mbao. Siku hizi chuma kimeingia kila mahali. Mbao zimekuwa ghali, mchwa hawana huruma, na misitu yenyewe tunataka kuihifadhi. Kwa hiyo tunaona kenchi za chuma katika mabwalo ya shule, nguzo za chuma katika maghala ya kahawa, mapaa ya chuma juu ya vituo vya mafuta, na miundo ya chuma katika mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka uliofunguliwa mwaka 2011. Huko ziwani tunazo meli za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zilizoanza kazi mwaka 2017, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba tani 1,000. Tunayo pia MV Mbeya II iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2021. Nayo bandari ya Mbamba Bay imepangiwa kazi kubwa kuliko ile iliyoifanya zamani.

Haya ni maendeleo, nami siyabezi. Lakini pamoja na chuma imeingia imani moja ambayo ni lazima tuisahihishe. Watu wanasema kwamba chuma hakiungui, kwa hiyo jengo la chuma ni salama kwa moto. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Sehemu ya pili ni uongo, na ni uongo unaoweza kuua.

Mhunzi anajua

Mtu wa kwanza wa kutufundisha juu ya jambo hili ni mhunzi. Mhunzi anapotaka kufua jembe hangoji chuma kiyeyuke. Anakitia katika makaa, anavuta mivukuto, na chuma kikishakuwa chekundu anakitoa na kukipiga nyundo, nacho kinamtii. Chuma kilekile ambacho asubuhi kilikuwa kigumu kuliko jiwe sasa kinapindika kama udongo wa mfinyanzi. Hakikuungua wala hakikuyeyuka, ila nguvu zake zimekiacha.

Wataalamu wameipima elimu hiyo ya mhunzi na kuitia katika tarakimu. Chuma cha kujengea huyeyuka kwenye joto la nyuzi kama 1,500 za sentigredi, joto ambalo moto wa kawaida wa jengo haulifikii. Lakini kikifika nyuzi 600 hubakiwa na nguvu isiyofika nusu, na kikifika nyuzi 700 haibaki hata robo. Nguzo iliyowekwa ili ibebe paa kwa nguvu zake zote sasa inatakiwa ibebe paa lilelile kwa robo ya nguvu hizo. Haiwezi. Inapinda, na kinachofuata mnakijua.

Na joto hilo si la ajabu. Katika kipimo cha moto wa jengo kinachotumiwa na maabara duniani kote, joto la tanuru hufika nyuzi 842 katika dakika 30, na nyuzi 945 katika saa moja. Huo ni mfano wa moto wa magodoro, meza, karatasi na mbao, yaani vitu vilivyomo katika kila bweni na kila ofisi yetu. Chuma chembamba kisicho na kinga yoyote, mfano wa vile vyuma vya kenchi tunavyovinunua madukani, huweza kupoteza nguvu zake katika dakika 10 hadi 20 za moto kama huo.

Liko jambo la pili ambalo mhunzi analijua. Chuma kikipata moto hurefuka. Boriti ya mita 10 iliyopata joto la nyuzi 500 huongezeka urefu wa sentimita 6 au 7 hivi. Mtu atasema sentimita 7 si kitu. Lakini boriti hiyo imeshikwa pande zote mbili na kuta za tofali, na inaporefuka inazisukuma kuta nje. Ndiyo maana wakati mwingine ukuta huanguka kabla ya paa, na humwangukia yule aliyedhani ameokoka kwa sababu amekwisha kutoka nje.

Mwalimu wa sayansi anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili bila maabara. Achukue waya mwembamba wa kufungia nondo, aunyooshe juu ya jiko la mkaa, aning'inize jiwe katikati yake, na awaambie wanafunzi wasimame mbali. Waya ukiwa baridi utalibeba jiwe. Ukishakuwa mwekundu utalegea mbele ya macho yao. Mtoto aliyeliona hilo hatadanganywa tena na mtu anayemwambia kwamba chuma hakiogopi moto.

Tunachokinunua ni dakika

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Hakuna rangi duniani inayozuia moto usiwake, wala hakuna rangi inayokifanya chuma kisipate joto milele. Mfanyabiashara akikwambia anayo, usimwamini. Rangi nzuri ya kukinga moto inauza kitu kimoja tu, nacho ni dakika. Ipo ya dakika 30, ipo ya dakika 60, ipo ya 90 na ya 120. Zikiisha dakika hizo, jengo linaweza kuanguka kama lile lisilopakwa kitu.

Je, dakika ni kitu kidogo? Tuangalie mfano ambao dunia nzima iliushuhudia. Tarehe 11 Septemba 2001 yale majengo mawili marefu ya New York yaligongwa kwa ndege. Chuma chake kilikuwa kimefunikwa kwa kinga ya moto, lakini kishindo cha ndege kiliibandua kinga hiyo katika sehemu zilizogongwa, na moto ukakikuta chuma kikiwa uchi. Jengo la kusini lilisimama dakika 56, na la kaskazini dakika 102, kisha yote mawili yakaporomoka. Msiba ulikuwa mkubwa mno. Lakini maelfu ya watu waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa walitoka kwa ngazi katika dakika hizo. Kwao, dakika zile ndizo zilizokuwa uhai.

Sasa tuziweke dakika hizo katika mazingira yetu. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilometa 66. Barabara ni ya lami siku hizi, nasi tunashukuru, lakini inateremka kutoka milimani kwa kona kali hadi ziwani. Hata kama gari la zimamoto lingeondoka Mbinga dakika ileile simu ilipopigwa, halingefika Mbamba Bay kabla ya moto kukomaa. Liuli na Lituhi ni mbali zaidi. Kwa hiyo mtu wa mjini anaweza kusema kwamba kinga ya dakika 30 inamtosha, kwa kuwa zimamoto wako mtaa wa pili. Mtu wa Liuli hawezi kusema hivyo. Dakika 30 zake hazimtoshi kungoja msaada, bali humtosha kutoa watu peke yake. Tofauti hiyo lazima iingie katika mipango yetu, maana mchoro uliochorwa kwa ajili ya Dar es Salaam unadhani kuna msaada ambao huku haupo karibu.

Gamba la mti wa miombo

Rangi hii inafanyaje kazi? Kila mtu aliyekaa Ruvuma amewahi kuona moto wa nyika wakati wa kiangazi. Nyasi huteketea, lakini mti mkubwa wa miombo hubaki umesimama, gamba lake likiwa jeusi, na mvua za kwanza zikinyesha huchipua. Gamba nene ndilo lililochukua moto kwa niaba ya mti. Rangi ya kukinga moto inakipa chuma gamba la namna hiyo, isipokuwa gamba lenyewe huota siku ya moto tu.

Siku zote rangi hiyo hukaa juu ya chuma kama rangi nyingine. Joto lake likifika nyuzi 200 na kitu, vitu vilivyochanganywa ndani yake huanza kufanya kazi kwa pamoja. Kimoja hutoa asidi. Asidi hiyo hukigeuza kingine kuwa makaa. Cha tatu hutoa hewa, na hewa hiyo huyaumua makaa yale yangali laini, kama hamira inavyoumua andazi. Matokeo yake ni povu jeusi, nene na gumu kiasi, lililojaa vishimo vya hewa. Rangi ya unene wa milimita moja inaweza kuvimba ikafika sentimita mbili, tatu au zaidi. Nanyi mnajua kwamba hewa iliyofungwa ni kizuizi kizuri cha joto. Chuma kilichomo ndani ya povu hilo kitapata moto vilevile, lakini polepole, na huo upolepole ndio zile dakika tulizozinunua.

Epoksi mbili zisizofanana

Sasa nifike kwenye neno epoksi, maana hapo ndipo wengi wanapopotezwa. Epoksi ni gundi ya vitu viwili. Kopo moja lina gundi yenyewe, kopo la pili lina dawa ya kuikaza, na vikichanganywa kwa kipimo hushikana na kuwa kitu kigumu kisichopenya maji. Mafundi wa meli na matangi wanaitumia miaka mingi dhidi ya kutu, nao wana haki. Ziwa letu halina chumvi, lakini mvuke na mawimbi yake havikiachi chuma kipumue. Jambo hilo si la leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, mwezi Agosti 1914, meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilishambuliwa na Waingereza pale Liuli, wakati huo pakiitwa Sphinxhafen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tangu enzi hizo chuma cha ziwa hili kimekuwa kikidai kupandishwa, kukwanguliwa na kupakwa.

Lakini epoksi ya kawaida, ile ya kuzuia kutu, haizuii moto hata kidogo. Hulainika katika joto la nyuzi zipatazo 100 tu, na joto likizidi huungua yenyewe na kutoa moshi mbaya. Epoksi ya kukinga moto ni kitu kingine. Ndani yake vimetiwa vile vitu vya kuvimba nilivyovieleza, nayo hupakwa nene sana. Rangi ya kutu huwa na unene wa sehemu ya kumi au mbili za kumi za milimita. Epoksi ya kukinga moto huweza kuwa na milimita kadhaa, na mahali pa hatari kubwa huzidi milimita 10. Kwa hiyo hati ikisema tu kwamba jengo limepakwa epoksi, msomaji bado hajajua kama jengo hilo lina kinga ya moto au halina.

Mtu anaweza kuuliza, ikiwa zipo rangi nyingine za kuvimba zilizo nyembamba na rahisi zaidi, kwa nini tuisumbukie epoksi? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, rangi nyingi za namna hiyo nyembamba ni za kutumiwa ndani ya nyumba kavu. Vile vitu vya kuvimba vilivyomo ndani yake huyeyuka kwa maji, na unyevu ukizipenya miaka michache huweza kuviharibu, huku rangi kwa macho ikionekana nzima. Ikija siku ya moto, haivimbi. Epoksi huvifungia vitu hivyo ndani ya ukuta usiopenya maji. Kwa gati, kwa karakana iliyo kando ya ziwa na kwa nguzo zinazopigwa na mvua ya masika, hiyo ni tofauti ya kuwa na kinga na kutokuwa nayo.

Pili, moto wa mafuta si moto wa magodoro. Katika kipimo cha moto wa mafuta, tanuru hufika karibu nyuzi 950 katika dakika 5 tu, joto ambalo moto wa kawaida hulifikia baada ya saa nzima. Moto huo huja na upepo wake na nguvu ya kubandua. Povu laini hupeperushwa, lakini povu la epoksi, ingawa halivimbi sana, ni gumu na hung'ang'ania. Elimu ya rangi hizi ilikua kutokana na kinga za joto zilizobuniwa kwa ajili ya vyombo vya kwenda mwezini, nayo ikaenea katika mitambo ya mafuta ya baharini. Tarehe 6 Julai 1988 mtambo uitwao Piper Alpha uliungua katika Bahari ya Kaskazini na kuua watu 167, na baada ya hapo uzito wa kukinga chuma dhidi ya moto wa mafuta haukubishaniwa tena. Sisi hatuna mtambo wa mafuta ziwani, lakini tunayo matangi ya dizeli, vituo vya petroli na vyumba vya mitambo, nayo dizeli ya Mbamba Bay haiwaki kwa upole kuliko dizeli ya Ulaya.

Mkono wa fundi na jicho la msimamizi

Ndugu watumishi, rangi bora kuliko zote, ikipakwa vibaya, ni fedha ya wananchi iliyotupwa. Na kazi hii ina masharti yasiyosamehe.

Chuma lazima kisafishwe hadi kionekane chenyewe. Kutu, mafuta na rangi za zamani zinazobanduka ziondolewe, ikiwezekana kwa mchanga unaorushwa kwa hewa ya mgandamizo, maana rangi iliyoshika juu ya kutu itaanguka pamoja na kutu hiyo. Makopo mawili lazima yachanganywe kwa kipimo cha mtengenezaji. Fundi anayekisia kwa macho, au anayeongeza thina ili rangi ienee mbali, anapunguza dakika za watu ambao hatawaona.

Tena hali ya hewa yetu haifanani. Mbinga iko juu milimani, na usiku wa Juni na Julai baridi yake tunaijua. Epoksi nyingi hazikauki sawasawa joto likishuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi ya ukungu chuma hutoka jasho ambalo jicho halilioni, na rangi iliyopakwa juu ya jasho haishiki. Kanuni ya mafundi ni kwamba chuma kiwe na joto linalozidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Huku chini ziwani shida ni kinyume chake. Joto huharakisha kukaza, na mchanganyiko ambao Mbinga ungemngoja fundi kwa muda mzuri, Mbamba Bay humgandia ndani ya ndoo. Jua nalo hulifanya tabaka la epoksi lichujuke na kutoa unga, kwa hiyo likiwa nje lifunikwe kwa rangi nyingine ya juu. Haya si mambo ya kumwachia kibarua peke yake. Na huyo kibarua apewe glavu, miwani na kinga ya pumzi, kwa kuwa dawa ya kukazia hudhuru ngozi na mapafu.

Msimamizi afanye nini? Apime. Kipo kipimo kidogo cha mkononi kinachofanya kazi kwa sumaku, ambacho huwekwa juu ya rangi iliyokauka na kusoma unene wake. Kuangalia rangi kwa macho na kusema imependeza si ukaguzi. Tena akumbuke jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Chuma chembamba kinahitaji rangi nene kuliko chuma kinene, kwa sababu chembamba hushika joto upesi, kama sufuria nyembamba inavyochemka kabla ya chungu. Mkandarasi akipaka unene mmoja kila mahali, nguzo kubwa zitakuwa salama na vile vyuma vyembamba vya kenchi vitakuwa uchi, na ndivyo vinavyobeba paa.

Kwa hiyo hati ya zabuni isiandikwe kamwe maneno matupu ya "rangi ya kuzuia moto". Maneno hayo mtu anaweza kuyajibu kwa kopo lolote jekundu. Iandikwe ni dakika ngapi, kwa moto wa aina gani, kwa chuma cha ukubwa gani, kwa unene gani wa rangi iliyokauka, na cheti cha majaribio ya maabara kiambatanishwe. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya ukaguzi chini ya sheria ya mwaka 2007. Ramani zipelekwe kwao kabla ya ujenzi, si baada ya jengo kufunguliwa.

Tuanze wapi?

Najua swali lililomo katika vichwa vyenu. Rangi hii ni ghali, nyingi hutoka nje, na shule zetu bado zina upungufu wa madawati. Swali hilo ni halali, nami nalijibu waziwazi kwamba hatuwezi kupaka kila kitu, wala si lazima.

Kupanga ni kuchagua. Banda la wazi la kuegesha matrekta, ambalo mtu hutoka kwa hatua tatu, linaweza kungoja. Bweni wanamolala watoto haliwezi kungoja. Bwalo la kukutania mamia ya watu haliwezi kungoja. Ghala lenye ofisi juu yake, nguzo zilizo karibu na matangi ya mafuta, na miundo iliyo karibu na marundo ya makaa ya mawe, ambayo yana tabia ya kupata moto yenyewe yakirundikwa muda mrefu, vyote hivyo visingoje.

Na hata hapo, epoksi isiwe jibu la kwanza kila mahali. Mbinga ni nchi ya tofali za kuchoma. Nguzo ya chuma ndani ya bweni ikizungushiwa tofali na lipu nzuri, au ikivikwa zege, inapata kinga ya kweli kwa vifaa vya hapahapa na kwa mikono ya mafundi wetu. Moto ulipoliteketeza Soko la Kariakoo mwezi Julai 2021, bidhaa za watu ziliungua, lakini mwili wa jengo lile la miaka ya 1970, lililosanifiwa na Ndugu Beda Amuli kwa zege, haukuporomoka, na soko likakarabatiwa badala ya kubomolewa. Zege na tofali hazina fahari ya rangi mpya, lakini zina subira. Epoksi tuiweke pale ambapo tofali hazifiki, yaani kwenye kenchi za juu, kwenye magati, kwenye mitambo, na popote palipo na unyevu, mafuta au umbo lisilokubali kujengewa.

Wamatengo hawangoji mvua ianze kubeba udongo ndipo wachimbe ngoro. Huchimba mashimo yale mapema, na ndiyo maana miteremko yetu ingali inalimika. Kinga ya moto ni kazi ya namna hiyo. Haionekani kuwa na faida yoyote mpaka siku moja.

Mwisho, rangi isitulaze usingizi. Mwezi Juni 1994 bweni la wasichana la shule ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, liliungua usiku na wanafunzi zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Katika moto wa bweni, moshi huua mapema kuliko paa. Jengo linaweza kusimama dakika 60 na waliomo ndani wakafa katika dakika 5, ikiwa mlango ni mmoja, ikiwa ufunguo anao mtu aliyelala nyumba nyingine, ikiwa madirisha yana nondo zisizofunguka. Dakika tulizozinunua kwa rangi hazina maana kama hakuna mlango wa kuzitumia.

Basi ninyi walimu, mkirudi shuleni, hesabuni milango ya mabweni yenu, jaribuni kuifungua kwa ndani, na wafanyisheni wanafunzi zoezi la kutoka gizani, mkishika saa mkononi. Nambari ya zimamoto, 114, iandikwe mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza ataiona. Nanyi watumishi mnaoweka saini katika mikataba, kabla ya saini ulizeni maswali matatu: Ni dakika ngapi? Zimepimwa na nani? Na katika dakika hizo, watu watatokea wapi? Mkandarasi mwaminifu atawajibu bila kukasirika. Asiyeweza kuwajibu asipewe kazi.